Mashua Ndogo ya Tanga Wakati wa Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwenye mashua ya tanga ya mita 5 hadi 8 hivi, ya faibaglasi au ya mbao, anayeiweka mahali ambapo majira ya baridi huleta barafu. Baadhi ya maswali ni ya kuilinda, mengine ni ya kuiboresha. Tumeyachanganya kwa makusudi, kwa sababu ukishafungua kila kitu ili kikauke ndipo unapoona kinachotaka kubadilishwa.

Baridi inaharibu nini hasa?

Baridi peke yake haina neno. Kinachoharibu ni maji yaliyokwama. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa ndani ya bomba, pampu au tundu la skrubu, hayana pa kwenda ila kupasua. Chumvi nayo haikuokoi: maji ya bahari ya kawaida huganda kwenye nyuzi 1.8 hivi chini ya sifuri.

Wengi huogopa ule usiku mmoja wa baridi kali. Hasara kubwa huletwa na wiki za kuganda usiku na kuyeyuka mchana. Kila duru, ufa hupanuka kidogo, maji mengine huingia, usiku yanaganda tena. Ndiyo maana sehemu yenye baridi ya wastani inayopanda na kushuka inaweza kuumiza mashua kuliko sehemu iliyoganda moja kwa moja hadi msimu ubadilike.

Baada ya maji ni unyevu usio na pa kutokea, unaoleta koga kwenye magodoro, kutu kwenye viungo vya nyaya, na kuoza kwa mbao. Kwa hiyo karibu kila jibu lililo hapa chini linadai mambo yale yale: maji yatoke na hewa ipite.

Niitoe majini au niiache?

Itoe, kama una njia. Mashua ndogo ni nyepesi kupandisha, na nchi kavu utaifikia chini yake, kwenye mkuku (uti wa chini kabisa wa mashua) na usukani, mahali usipopaona msimu mzima.

Ikibidi ibaki majini, funga koki zote zilizo chini ya maji, ongeza kamba za kuifungia ziwe maradufu, na kila kamba inaposuguana na chuma au ukingo wa gati ivalishe mpira au kitambaa kigumu. Pampu ya ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya mashua ambako maji hukusanyika, iwe na betri yenye nguvu na mtu wa kuiangalia. Kwenye maji baridi yasiyo na chumvi kuna wanaotumia kifaa cha kupuliza mapovu kutoka chini. Maji hayo huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo ya chini huwa na joto kidogo kuliko ya juu, na mapovu huyapandisha yakazuia barafu kushika ubavu. Kwenye maji ya chumvi mbinu hii haifanyi kazi vizuri kiasi hicho. Na umeme ukikatika, barafu haisubiri.

Naiwekaje juu ya magadi, yaani nguzo za kuiegemeza nchi kavu, bila kuiumiza?

Uzito wote ukae kwenye mkuku. Magadi ya ubavuni kazi yake ni kuizuia isipinduke, hayakuwekwa yaibebe. Ukiona ubavu umebonyea ndani penye gadi, hata kidogo, basi gadi limebeba mzigo usio wake. Lisogeze mpaka penye ukuta wa ndani au penye taruma (ubavu wa ndani wa mashua), sehemu iliyo ngumu. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia tofauti: penye ukuta sauti ni kavu na fupi, penye uwazi inalia.

Funga kila jozi ya magadi kwa mnyororo unaopita chini ya mashua, gadi la kushoto na la kulia, yasije yakateleza kwenda nje. Ardhi iliyoganda huwa ngumu kama saruji na ikiyeyuka huwa tope, basi kila mguu wa gadi uwe na ubao mpana chini yake. Omo, yaani upande wa mbele, iinuliwe kidogo ili maji yote yakimbilie nyuma, na kizibo cha kutolea maji kitolewe kabisa. Kifunge kwenye usukani kwa uzi, ili siku ya kushusha usiweze kukisahau.

Jambo moja halina mjadala: turubai lisifungwe kwenye magadi, hata kamba moja. Upepo ukilipiga, linang'oa gadi, na mashua inalala ubavu.

Kama iko kwenye trela, inua magurudumu yasiguse ardhi, angalia grisi ya beringi, na hakikisha mkuku umekaa sawasawa kwenye roli zake.

Niioshe sasa au nikikaribia kuishusha?

Sasa, saa hiyo hiyo inapotoka majini, kabla haijakauka. Mwani na magamba vikiwa vibichi hutoka kwa maji ya nguvu na kipande cha ubao. Vikikauka utavikwangua kwa siku nzima, na rangi itatoka navyo.

Mlingoti niushushe?

Kwa mashua ya ukubwa huu, ndiyo. Upepo wa miezi kadhaa unatikisa mlingoti uliosimama, mlingoti unatikisa mashua, na mashua inatikisa magadi. Pia turubai hukaa vizuri zaidi mlingoti ukiulaza juu ya sitaha uwe boriti ya paa.

Kabla ya kulegeza chochote, piga picha. Hesabu mizunguko ya nyuzi zinazoonekana kwenye kila skrubu ya kukazia waya, au zizungushie utepe, ili mlingoti urudi ulivyokuwa.

Ukiwa umelala, mlingoti unakuonyesha mambo yote uliyokuwa ukiyatazama kwa mbali. Chukua kipande cha pamba, kizungushe kwenye waya na ukivute taratibu kutoka juu hadi chini. Palipokatika uzi mmoja wa chuma, pamba itanasa. Uzi mmoja tu ukikatika, waya wote unabadilishwa, kwani nyuzi zilizobaki ni za umri ule ule na zimebeba mzigo ule ule. Tazama kwa kioo cha kukuzia pale waya unapoingia kwenye kifungo chake cha chini, ambako maji ya chumvi hutuama: mstari mwembamba wa kahawia unaopanda na urefu wa chuma ni ufa, wala si kutu ya juu juu ya kufutwa. Mafundi wengi hubadilisha waya za chuma kisichoshika kutu baada ya miaka 10 hadi 15, hata kama zinang'aa. Kama hujui zina umri gani, zihesabu kuwa ni kuukuu.

Henza, kamba za kupandishia tanga, zitoe kwa kuvuta uzi mwembamba mahali pake. Uzi ubaki ndani ya mlingoti hadi msimu mpya. Kamba zenyewe ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, suuza, anika. Kamba iliyosuguka ncha moja unaweza kuigeuza, ncha iliyokuwa kwenye kapi ikawa ya mkononi, na ukapata misimu mingine.

Matanga niyatunze vipi?

Yaondoe yote, hata lile la mbele linalojiviringa kwenye waya wake. Hilo hasa ndilo upepo wa baridi hupenda kulifungua usiku na kulichana.

Suuza chumvi kwa maji matamu. Chumvi hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo tanga lenye chumvi halikauki hata ukilianika wiki. Tumia sabuni laini na brashi ya nywele laini. Klorini usiikaribishe, maana huharibu nailoni na nyuzi nyingine ngumu. Usilifue kwa mashine ya kufulia. Likikauka kabisa, toa vijiti vya kulinyoosha, likunje bila kurudia mikunjo ile ile kila mwaka, kisha uliweke pakavu penye hewa.

Kabla ya kulikunja, lipitie mshono kwa mshono. Jua huua uzi kabla ya kitambaa, kwa sababu uzi umekaa juu. Kwaruza mshono kwa ukucha: uzi ukikatika, mshono wote wa eneo hilo unahitaji kurudiwa. Peleka kwa fundi mwanzoni mwa baridi, ana nafasi. Ukingoja hadi watu wote wakumbuke, utaanza msimu ukiwa ufukweni.

Turubai gani linafaa, na nilifunge vipi?

Aina ya turubai si muhimu kama umbo lake. Linatakiwa liwe paa lenye mteremko mkali, theluji iteleze yenyewe. Turubai lililolegea katikati hufanya bwawa, bwawa linaganda, na kinachofuata ni hesabu. Theluji yenye maji inaweza kuwa na uzito wa kilo 300 kwa mita ya ujazo. Sentimita 10 za theluji hiyo juu ya eneo la mita za mraba 6 ni kilo 180, sawa na watu wawili wazima na ushee waliokaa juu ya turubai lako usiku kucha.

Tengeneza uti wa paa kwa mlingoti au ubao mrefu, uweke juu zaidi kuliko unavyodhani inatosha, kisha weka mbavu za mbao au mabomba ya plastiki kila baada ya mita moja. Kila pembe kali ivalishe zulia kuukuu au mpira. Kamba zipite chini ya tumbo la mashua kutoka upande hadi upande, au zining'inize madumu ya maji yaliyojazwa nusu, ili turubai liendelee kukazwa hata likilegea. Madumu yakijazwa hadi juu yatapasuka, kwa sababu ile ile iliyotajwa mwanzo.

Mbele na nyuma acha wazi. Plastiki iliyoifunga mashua kote bila tundu hufanya mvuke: mchana jua linapasha, usiku maji yanadondoka kutoka darini, na baada ya miezi unafungua unakuta koga hadi kwenye droo.

Je, niweke hita ndani isigande?

Hapana. Hita isiyo na mwangalizi ndani ya chombo kilichofunikwa kwa turubai ni njia ya kuunguza mashua. Pia hewa ya moto hubeba unyevu zaidi, na ikigusa ubavu wa baridi inauachia pale pale. Fungua kila kabati, inua mbao za sakafu, simamisha magodoro wima au yapeleke nyumbani, acha milango ya ndani wazi. Chembe za kunyonya unyevu zinasaidia kwenye chumba kidogo kilichofungwa, lakini zinajaa maji na zinahitaji kumwagwa. Mtu asiyeweza kwenda mara kwa mara aache hewa ifanye kazi hiyo.

Koki, tangi la maji na choo nifanyeje?

Tangi limwage, kisha piga pampu mpaka itoe hewa tupu. Mirija inayoning'inia hubakisha maji kwenye sehemu ya chini, kwa hiyo ichomoe ncha moja uimwage. Palipobaki shaka, pitisha dawa ya kuzuia kuganda ya propilini glikoli, inayotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya maji ya kunywa. Ile ya ethilini glikoli, inayotumika kwenye rejeta za magari, ni sumu. Isiingie kwenye maji ya kunywa wala isimwagwe baharini. Choo nacho kisukumwe maji safi, kisha dawa ile ile hadi uione ikitoka upande wa pili.

Koki zinazosahaulika ni zile zenye tufe ndani. Ukiifunga, tundu la tufe linabaki limejaa maji, yamefungiwa pande zote, na barafu inapasua mwili wa koki mahali usipopaona. Mashua ikiwa nchi kavu, ziweke nusu wazi kwanza, zitingishe ili maji yatoke, halafu ziache wazi kabisa. Weka wavu mdogo kwa nje, wadudu wasihamie.

Mashine ya nje je?

Ivue, ipeleke ndani, na kabla ya hapo isafishe kwa maji matamu ikiwa inaunguruma, mpaka chumvi iishe kwenye njia za kupozea. Ihifadhi imesimama wima ili maji yote yashuke.

Oili ya gia ibadilishwe sasa, isingoje. Fungua skrubu ya chini, kisha ya juu, uitazame inavyotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia kupitia sili iliyochoka, na maji hayo yangeganda ndani ya sanduku la gia na kulipasua. Oili mpya huingizwa kutoka tundu la chini mpaka itokee la juu, ili isifungie hewa ndani. Washa za skrubu ziwe mpya; ni kitu kidogo, na ndicho kinachovuja.

Petroli iliyokaa hubadilika kuwa gundi kwenye kabureta. Ama tia dawa ya kuihifadhi na uiendeshe mashine dakika kadhaa ili ifike kote, ama ikaushe kabureta kabisa. Petroli yenye ethanoli hunyonya maji, na yakizidi hujitenga yakatuama chini ya tangi, pale pale mrija unaponyonya. Tangi la kubebeka limalize kwenye matumizi mengine, uanze msimu na mafuta mapya.

Mwenye injini ya dizeli ya ndani abadilishe oili kabla ya kuilaza, kwa kuwa oili chafu ina asidi inayokula chuma miezi yote hiyo. Apitishe dawa ya kuzuia kuganda kwenye njia ya maji ya bahari, na impela, gurudumu la mpira la pampu ya maji, aitoe: ikikaa imejikunja muda mrefu inabaki na umbo hilo.

Betri ibaki ndani ya mashua?

Kama imejaa na imechomolewa, inaweza. Betri ya asidi iliyojaa haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 chini ya sifuri, ila iliyokwisha huganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 tu chini ya sifuri, na ikiganda imekufa. Ikiwa imepumzika, volti 12.7 maana yake imejaa, 12.4 inataka kuchajiwa, 12.0 uko pabaya. Hupoteza nguvu yenyewe asilimia kadhaa kila mwezi, kwa hiyo usiifungie ukaisahau.

Betri ya lithiamu ni habari nyingine. Iweke ikiwa na nusu hivi ya chaji, pasipoganda, na usiichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ukiichaji katika baridi hiyo inaharibika ndani kwa ndani na hairudi.

Mashua yangu ni ya mbao. Kuna tofauti?

Kubwa. Faibaglasi unataka ikauke kadiri iwezekanavyo. Mbao ukizikausha kupita kiasi zinasinyaa, maungio yanafunguka, na kalafati, pamba ya kuzibia maungio, inaanguka. Iweke kivulini, penye upepo wa kadiri, juu ya udongo badala ya saruji kama unaweza, na turubai liwe la kitambaa kinachopumua.

Kinachoozesha mbao zaidi ni mvua. Maji ya bahari yanazisaidia mbao, ndiyo maana mashua huoza kuanzia juu, kwenye sitaha na pembe za ndani, kuliko chini ya maji. Tafuta kila mahali matone yanapotuama. Choma kwa ncha ya kisu chembamba: mbao nzima inakataa, iliyooza inakipokea. Rangi mpya juu ya mbao yenye unyevu ni kuufungia uozo ndani, kwa hiyo hiyo kazi ingoje.

Siku chache kabla ya kuishusha, ilowanishe polepole kwa magunia mabichi ndani ya ngama. Hata hivyo itavuja mwanzoni, nayo ni kawaida yake. Kaa karibu na pampu.

Sitaha inabonyea ninapokanyaga. Ni kazi ya msimu huu?

Ndiyo, tena ianze mapema, maana kukausha ndiko kunakokula muda.

Sitaha nyingi za faibaglasi ni tabaka mbili nyembamba, katikati kukiwa na mbao laini ya balsa au povu gumu. Kila tundu la bolti lililotobolewa bila kuzibwa kingo zake ni mlango wa maji kuingia katikati hapo. Balsa inaloa, inaoza, na barafu inatenganisha tabaka. Gonga sitaha nzima kwa mpini wa nyundo ndogo, ukiweka alama kwa penseli: palipo pazima panatoa mlio mkali, palipoachana panatoa mlio mzito uliokufa. Ukimaliza utaona alama zimezunguka vifaa, nguzo za kamba za pembeni na msingi wa mlingoti. Mara chache sana utalikuta doa katikati pasipo na skrubu.

Palipooza padogo, vua kifaa, panua tundu la ndani kwa msumari uliokunjwa kwenye drili ili ung'oe balsa iliyoharibika kati ya tabaka bila kukata ile ya juu. Acha pakauke wiki kadhaa chini ya turubai. Ziba chini kwa utepe, jaza epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) iliyokolezwa unga wake, na ikigumu toboa tundu jipya katikati ya epoksi. Sasa bolti inapita kwenye plagi ngumu, na hata uzibaji wa juu ukivuja siku moja, maji hayafiki kwenye balsa.

Kabla ya kurudisha kifaa, panua kidogo mdomo wa tundu kwa juu ili dawa ya kuzibia ipate mahali pa kukaa kuizunguka bolti. Usikaze yote kwa mara moja ukaikamua nje. Acha unene kidogo wa dawa chini ya kifaa, kisha malizia siku inayofuata kwa kuzungusha nati, bolti ikiwa imeshikwa isigeuke. Silikoni ya dukani ya bafuni iache huko bafuni.

Kama ni nusu ya sitaha nzima inayolia vibaya, hiyo ni kazi ya kukata tabaka la juu na kubadilisha balsa yote. Inawezekana kwa mikono ya kawaida, lakini ipange ikiwa na paa juu yake.

Epoksi inashika kwenye baridi?

Nyingi zinataka nyuzi 10 kwenda juu. Zipo hadina, yaani ile sehemu ya pili inayoigumisha, za haraka zinazokubali hadi 5. Soma kopo lako. Kinachohesabika ni joto la kile unachokipaka, na ubavu wa mashua asubuhi huwa baridi kuliko hewa. Ihifadhi epoksi nyumbani ili iwe nyepesi, na usiongeze hadina kwa matumaini ya kuiharakisha: uwiano ukiharibika haigumi kamwe, inabaki mlenda.

Ikishagumu katika baridi na unyevu, juu yake hutokea utando unaoteleza mkononi. Uoshe kwa maji na sifongo kabla ya msasa. Ukipiga msasa kwanza unausambaza tu, na rangi itakayofuata itabanduka.

Nina nafasi ya kuboresha mambo machache tu. Nianze na yapi?

Anza na yale yanayoifanya mashua ielee, igeuke na isimamishe mlingoti: koki na mirija yake, fito na matundu ya usukani, waya za mlingoti, bolti za mkuku. Hakuna anayekusifia kwa mrija mpya wa pampu, na hicho ndicho kisa cha watu kuanza na spika. Wahenga wa pwani walishasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji yoyote yanayoingia, hata ya kutoka kilele cha mlingoti, safari yake inaishia kwenye ngama, basi pampu na njia yake vistahili zamu ya kwanza.

Baada ya hayo, nionavyo mimi, hakuna badiliko linalozidi mpango mzuri wa kupunguza tanga. Kama sasa lazima mtu aende mbele hadi mlingotini, asimame bila cha kushika na avute kamba mbili upepo ukizidi, atachelewa kila mara, na kuchelewa ndiko kunakopindua mashua ndogo. Kapi mbili chini ya mlingoti, kishikio cha kamba karibu na msukani, na henza mpya ya poliesta isiyovutika vinabadilisha kazi hiyo ikafanywa umekaa. Fanya mazoezi ya njia za kamba hizo mlingoti ukiwa umelala. Makosa ya kamba kukatana huonekana mapema.

Halafu umeme. Taa ya nanga ya wati 25 kwenye volti 12 hula ampea 2 hivi, na usiku wa saa 10 ni ampea-saa 20, mzigo mzito kwa betri ndogo. Ya LED ya wati 3 inakula mbili na nusu kwa usiku huo huo. Angalia tu iwe imeidhinishwa: kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za 1972 zinataka taa ya nanga ya chombo kidogo ionekane maili 2, na balbu ya LED isiyolingana na kioo chake inaweza kubadilisha rangi ya taa za kushoto na kulia. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati, viungo vibanwe kwa koleo lake, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri.

Rangi ya kuzuia kuteleza kwenye sitaha ni kazi rahisi yenye faida kubwa, ila inataka joto, kwa hiyo iache mwisho.

Rangi ya chini, ile ya kuzuia mwani na magamba, niipake lini?

Karibu na siku ya kushusha. Soma kwenye kopo muda unaoruhusiwa kukaa kavu. Kuikwangua ya zamani kunaweza kufanywa wakati wowote, lakini kwa msasa wa maji na barakoa ya kweli, kwani vumbi lake lina shaba na viuaviumbe. Kama mashua ni ya miaka mingi, tabaka za ndani huenda zina misombo ya bati iliyopigwa marufuku na mkataba wa Shirika la Kimataifa la Bahari wa 2001, ulioanza kutumika 2008. Tandika plastiki chini, kusanya maganda yote, usiyaache yaoshwe na mvua. Zinki, kile kipande kinachofungwa chini ya maji ili kiliwe badala ya vyuma vingine, ikiliwa zaidi ya nusu ibadilishwe, na isipakwe rangi kamwe.

Panya?

Toa chakula chote, hata chumvi na majani ya chai, pamoja na taulo na karatasi wanazojengea viota. Ondoa kamba na ngazi zinazowapa njia ya kupanda. Ziba matundu kwa pamba ya chuma.

Vifaa vya usalama vikae wapi?

Nyumbani. Jaketi la kuokolea la kujipuliza lijaze kwa mdomo, liache saa 24, na kama limelegea halifai. Mtungi wake wa gesi upime kwa mizani ulinganishe na uzito ulioandikwa juu yake. Fataki za dharura angalia tarehe. Mtungi wa gesi ya kupikia uchomoe uweke nje penye hewa. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hujaa ngamani.

Niitembelee mara ngapi?

Baada ya kila upepo mkali na kila theluji nzito, na angalau mara moja kwa mwezi. Nenda na ufagio laini, kamba za akiba na tochi. Zunguka magadi kwanza, yasukume kwa mkono, kisha turubai, kisha ndani, unuse kabla ya kuangalia. Theluji isukume kutoka ndani kwenda nje. Kuipiga kwa koleo kunachana turubai.

Siku ya kuishusha, niangalie nini kwanza?

Kizibo, kile ulichokifunga kwenye usukani. Koki zote zifungwe mashua ikiwa bado juu. Ikishagusa maji, iache ikiwa bado kwenye mikanda ya kunyanyulia au trela lake, ingia ndani na tochi, fungua koki moja baada ya nyingine, na ushike kila mrija kwa kiganja kikavu ukitafuta tone. Tazama pia pale bolti za mkuku zilipo na mahali usukani unapoingia. Kama ngama ni kavu baada ya nusu saa, iachie ielee, kisha rudi kuiangalia jioni na kesho yake asubuhi kabla hujasimamisha mlingoti.